Mgonjwa Wako wa Kitandani: Mlimwosha Kichwa Lini?

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, nina hakika unamhudumia. Asubuhi unamfuta uso, unambadilisha nguo, unampa uji. Jirani akija kumjulia hali anakuta mgonjwa ni safi, naye anakusifu. Lakini naomba nikuulize swali moja ambalo nauliza katika kila nyumba ninayotembelea hapa Nakivale: kichwa chake mlikiosha lini?

Mara nyingi kwanza wanakaa kimya. Kisha mmoja anasema, "Tangu alipoanza kulala." Si kwamba hawampendi mgonjwa wao. Wanaogopa. Wanaogopa kulowesha godoro, maana ni hilo hilo moja. Wanaogopa baridi isimpate. Wanaogopa kumaliza maji ambayo mtoto ameyapangia foleni bombani tangu alfajiri. Basi kichwa kinafungwa kitambaa, na wiki zinapita.

Leo tujifunze pamoja jinsi ya kuosha nywele za mgonjwa akiwa amelala pale pale, kwa maji machache na bila kulowesha godoro. Kabla ya hapo ni lazima uelewe kwa nini kazi hii si ya urembo.

KISOGO NI MAHALI PASIPOONEKANA

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Mtu mwenye afya akilala hujigeuza mara nyingi usiku bila kujua. Lakini mgonjwa aliyepooza, au mzee aliyeishiwa nguvu, au mtu aliyevunjika nyonga, hawezi kujigeuza. Uzito wote wa kichwa unakaa mahali pamoja, yaani kisogoni. Pale ngozi iko karibu sana na mfupa, haina nyama ya kuikinga. Ngozi ikibanwa kati ya mfupa na mto kwa saa nyingi, damu haipiti vizuri, na ngozi inaanza kufa. Hapo ndipo kidonda cha kulalia kinapoanza. Jasho na uchafu vinaifanya ngozi hiyo kuwa laini na dhaifu zaidi.

Vidonda vya mgongoni na kiunoni tunavijua, kwa sababu tunaviona tukimwogesha mgonjwa. Cha kisogoni kinajificha ndani ya nywele.

Niliwahi kutembelea mama mmoja mzee aliyepata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havikusogea tena, na maneno yalimpotea. Mkwe wake alikuwa anamtunza vizuri sana: nguo safi, shuka safi, chakula kwa wakati. Wiki moja kabla ya kuugua, mama huyo alikuwa amesukwa nywele. Zile nywele zilibaki vile vile, na miezi miwili ikapita. Kila akilazwa chali, mama alikunja uso na kuzungusha kichwa upande. Wengine walisema ni ugonjwa wenyewe unapanda kichwani. Jirani mmoja alisema ni mapepo. Tulipokaa na mkwe wake tukafumua zile nywele polepole, tulikuta kidonda kisogoni, kikubwa kama sarafu, kimeshikana na nywele. Mama alikuwa anajaribu kutuambia siku zote hizo, ila hakuwa na kinywa cha kusemea. Kidonda kilitibiwa kituo cha afya na kikachukua wiki nyingi kupona.

Ndiyo maana nasema kuosha kichwa ni kumkagua mgonjwa. Kwa mtu asiyeweza kusema, vidole vyako katika nywele zake ndivyo vitakavyokuambia kinachomuuma.

Kuna na sababu nyingine. Kichwa kisichooshwa kinawasha, kinapata mba, na chawa wakiingia wanahamia kwa watoto wanaolala chumba kimoja naye. Pia kinatoa harufu. Harufu ikianza, wajukuu wanaacha kukaa karibu na bibi, wageni wanasalimia wakiwa mlangoni, na mgonjwa anabaki peke yake. Yeye analijua hilo, hata kama hasemi.

NANI ASIOSHWE KABLA YA KUTUULIZA

Muulize kwanza muuguzi au mhudumu wa afya wa mtaa wako kama mgonjwa:
- ameumia shingo au ana jeraha la kichwa, au alifanyiwa upasuaji wa kichwa;
- anakosa pumzi akilazwa chali;
- anapaliwa na maji au hata mate yake mwenyewe;
- hana fahamu;
- ana homa kali au anatetemeka. Huyo mpeleke kwanza akapimwe.

Kwa wagonjwa hawa ipo njia ya kitambaa chenye unyevu, nitaieleza mbele.

VITU VYA KUANDAA

Kiwango ambacho mashirika ya wakimbizi hujiwekea ni lita 20 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, yaani jerikani moja. Tunajua kuna siku bomba halitoi. Usikate tamaa: kichwa kimoja kinaoshwa kwa lita 5 au 6, na mara moja kwa wiki inatosha. Ukikosa maji, hata mara moja katika wiki mbili.

Andaa hivi:
- maji ya uvuguvugu lita 5 au 6 katika ndoo safi, na kikombe cha kumiminia;
- ndoo tupu au beseni la kupokea maji machafu;
- kipande cha turubai, kile tunachokiita shitingi au bashi, au kavera kubwa uliyoipasua;
- vitenge viwili au blanketi kuukuu la kukunja;
- taulo au kitambaa kikavu, na vitambaa vidogo vitatu;
- sabuni ya kuogea na chanuo la meno mapana.

Asiye na plastiki atumie majani mawili mabichi ya mgomba. Yapitishe juu ya moto kidogo yalainike, hayatapasuka. Hapa Isingiro migomba haikosekani, muombe jirani.

Katika ndoo tanguliza maji ya baridi, kisha ongeza ya moto. Pima kwa kiwiko chako, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja kimezoea moto wa jikoni. Mgonjwa wa kiharusi anaweza asihisi joto upande uliopooza. Ataungua wala hatalia.

Chagua wakati wa jua, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, ili nywele zikauke mapema. Tafuteni watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine anaosha.

ANZA KWA KUMUULIZA

Usimfikie mgonjwa na ndoo kama unayekwenda kufua. Kaa karibu naye, msalimie kama mnavyosalimiana kwenu, umwambie: "Mama, leo tunataka tukuoshe kichwa, tutafanya polepole." Hata asiyeweza kujibu, mwambie. Wengi wanasikia kila kitu. Kama anaweza kufumba macho au kubonyeza mkono wako, mkubaliane alama ya kusema "simama".

Fikirieni pia ni nani anayefaa kuosha. Katika mila za wengi wetu si adabu mkwe wa kiume kushika kichwa cha mama mkwe wake. Kwa majirani zetu Waislamu, nywele za mama hazifunuliwi mbele ya mwanamume asiye maharimu wake. Mtafute binti, dada, au mama jirani, na wengine watoke nje kidogo. Kama hakuna mwanamke wa kufanya kazi hiyo, tuambieni, mhudumu wa kike atakuja.

HATUA KWA HATUA

1. Funga mlango unaoingiza upepo. Mfunike mgonjwa kifuani na miguuni. Nawa mikono yako kwa sabuni na ukate kucha.

2. Toa mto. Msogezeni mgonjwa mpaka kichwa kifike pembeni mwa kitanda. Chini ya mabega weka kitambaa kilichokunjwa. Msivute shingo wala mikono. Nyote wawili mnyanyueni kwa shuka aliyolalia.

3. Tengeneza mfereji. Kunja kitenge kama kamba nene, ukipinde kwa umbo la herufi U. Kilaze mahali kichwa kitakapokaa, uwazi wa U ukielekea nje ya kitanda. Tandika plastiki juu yake na uibonyeze katikati, iwe kama bakuli lenye mdomo. Mdomo huo uninginie mpaka ndani ya ndoo tupu iliyo sakafuni. Maji yatapita humo, godoro halitaguswa.

4. Laza kichwa katikati ya mfereji. Shingo ilale juu ya sehemu laini, na msaidizi ashike kichwa kwa mikono yote miwili. Kichwa kisirudi nyuma sana na kuning'inia. Kukunja shingo ya mzee kupita kiasi kunaweza kuharibu mishipa ya damu.

5. Funika macho kwa kitambaa kidogo kilichokunjwa. Weka vitambaa vingine mlangoni mwa masikio, usivisukume ndani.

6. Miminia maji kikombe kimoja kimoja, ukianza juu ya paji la uso kuelekea nyuma. Kinga paji la uso kwa kiganja chako ili maji yasishuke usoni. Vikombe vinne au vitano vinatosha kulowesha nywele.

7. Usisugue kipande cha sabuni moja kwa moja kichwani. Kiyeyushe kwanza katika kikombe cha maji mpaka kitoe povu, kisha paka lile povu. Sugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, ukizunguka: mbele, pembeni, nyuma ya masikio, kisogoni. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Ni kali, inakausha na kuchubua ngozi.

8. Suuza mara mbili mpaka maji yatoke meupe. Sabuni ikibaki ndiyo inayoleta muwasho.

9. Ondoa plastiki mara moja, umfunge taulo kavu. Kausha kwa kubonyeza, usisugue. Usisahau nyuma ya masikio na mikunjo ya shingo. Usimwache mgonjwa hata kidogo na plastiki karibu na uso wake.

10. Chana nywele ukianzia ncha kuelekea kwenye shina, ukishika shina kwa mkono mwingine ili usimvute. Kama ngozi ni kavu, paka mafuta kidogo.

Ukizoea, kazi yote haizidi nusu saa. Maji machafu yamwage shimoni au mbali na nyumba, si chini ya dirisha ambako yatatuama na kuleta mbu.

KWA ANAYELALA CHINI

Najua wengi hatuna vitanda. Kwa mgonjwa anayelala kwenye mkeka au godoro la chini, maji hayawezi kuteremka yenyewe. Mnyanyueni kidogo, muweke chini ya mabega na mgongo wake mablanketi yaliyokunjwa mpaka yafikie kimo cha beseni fupi. Tandikeni plastiki juu ya mablanketi hayo. Beseni likae chini ya kichwa, na ukingo wake ufunikwe kwa kitambaa kinene, maana ukingo mtupu unaumiza shingo. Msaidizi ashike kichwa muda wote.

Kama mgonjwa ni mwepesi na siku ni ya jua, mnaweza kumbeba na mkeka wake mpaka kivulini, nyuma ya nyumba, mahali penye uzio. Wagonjwa wengi wanafurahia kuona mbingu kuliko hata maji.

SASA ANGALIA VIZURI

Nywele zikiwa bado na unyevu, zigawe kwa vidole na uangalie ngozi mahali pa mwanga. Katika ngozi yetu nyeusi, usisubiri kuona wekundu. Tafuta mahali palipo peusi zaidi kuliko pengine, pa moto, pagumu au palipobonyea kuliko ngozi ya jirani yake. Angalia kisogo, nyuma ya masikio na ncha za masikio. Mtazame mgonjwa usoni wakati unapapasa. Akikunja uso, simama hapo uangalie tena.

Ukiona alama kama hiyo, usiisugue wala kuikanda. Mgeuze alalie upande mwingine, na tuite. Wakati wote mgonjwa ageuzwe kila saa 2 mchana, na usiku kadiri muuguzi atakavyowaelekeza.

Ukiona malengelenge, kidonda wazi, usaha, harufu mbaya, uvimbe au homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

MAMBO YA KUACHA

Kata chini ya kichwa. Wengi wanamwekea mgonjwa kata, ile tunayobebea maji, ili kisogo kisiguse chini. Nia ni njema, lakini kata inabana ngozi pande zote kama mpira uliofungwa, na damu haifiki katikati. Tumia kitambaa laini kilichokunjwa au mto, ukimgeuza kichwa mara kwa mara.

Mafuta ya taa au dawa ya wadudu kwa ajili ya chawa. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, ni sumu, na yanashika moto. Chana kwa kitana cha meno membamba kila siku, chemsha mashuka na vitambaa vya kichwa, na uombe dawa kituoni.

Jiko la mkaa chumbani ili nywele zikauke. Mkaa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Mgonjwa hawezi kutoka nje, na wewe unaweza kusinzia pamoja naye. Taulo kavu na jua la mchana vinatosha.

Na wale wanaosema maji kichwani yanaleta malaria: malaria inaletwa na mbu. Mgonjwa aliyekaushwa vizuri hawezi kudhurika kwa kuoshwa kichwa.

NYWELE ZILIZOSUKWA, NA KUNYOA

Msuko mgumu na rasta za kuongeza vinabana ngozi na kuficha vidonda. Mfumue mgonjwa mapema, katika siku za kwanza. Baadaye, kama anapenda, msuke mistari michache mikubwa iliyolegea, pembeni, ili kisogoni pabaki laini.

Na kunyoa je? Kunyoa kunarahisisha kazi, ni kweli. Lakini kwa wengi wetu kunyolewa kichwa ni alama ya msiba. Mama anayeamka na kukuta amenyolewa bila kuulizwa anaweza kuelewa kwamba nyumba imeshaanza kumlilia. Nimeona mgonjwa akikataa chakula kwa sababu hiyo. Muulize. Akikubali, mpunguzeni kwa mkasi. Wembe unakata ngozi, na wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

ASIYEWEZA KUMIMINIWA MAJI

Kwa mgonjwa asiyeruhusiwa kumiminiwa maji, gawa nywele sehemu nne. Chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kikamue sana, ufute ngozi sehemu moja baada ya nyingine, ukibadilisha upande safi wa kitambaa. Rudia na kitambaa kingine kilichochovywa maji matupu, kisha ukaushe. Lita moja inatosha. Usafi wake hautakuwa kama wa kuosha, lakini macho yako yatakuwa yamefika kisogoni.

NA WEWE UNAYEMTUNZA

Mara nyingi kazi hii inamwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni binti ambaye ameacha shule au shamba. Ndugu mlio katika nyumba, gawaneni. Mtoto wa miaka 10 anaweza kushika kikombe. Mwanamume anaweza kuleta maji na kumnyanyua mgonjwa. Majirani, mkija kumwona mgonjwa, msije na maneno ya pole tu, njooni na jerikani moja ya maji, au mseme, "Leo mimi nitashika kichwa."

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usingoje Jumamosi wala maji mengi. Nenda kwa mgonjwa wako, nawa mikono, mwambie unachotaka kufanya, upitishe vidole vyako polepole nyuma ya kichwa chake. Ukikuta pako salama, panga siku ya kumwosha wiki hii. Ukikuta pana joto, pamebonyea au panamuuma, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako leo. Tunapita kila mtaa, na huduma hii hailipiwi.